Ng'ombe Mwenye Baba

Habari za kifo cha Mzee Alinanuswe zilipofika shambani, Esnath hakumwaza marehemu. Alimwaza ng'ombe. Mungu amsamehe, maana alikuwa mkwe mwenye adabu na mzee yule hakuwahi kumkosea, lakini moyo hauombi ruhusa. Alikuwa ameinama chini ya mgomba akisambaza samadi kwa mikono aliposikia mumewe, Ambokile, akiongea na simu kule juu njiani: "Saa ngapi? Hapo hapo hospitali? Haya. Haya, ndugu yangu." Kabla hajaambiwa lolote, shingo ikamgeukia zizini.

Titu alikuwa amesimama anatafuna, mweusi tii, mdogo wa umbo, nundu imemsimama. Hakuwa na habari.

Ambokile aliteremka polepole, akishika migomba asiteleze. "Baba mkubwa ametutoka," alisema.

"Pole, baba Loyce."

"Nimeshapoa."

Manyunyu yalikuwa yanaanguka, yale ya Rungwe ambayo hayana mwanzo wala mwisho. Kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Mwishowe Ambokile alinawa mikono kwenye ndoo, akaenda kutafuta koti lake.

Shamba lile la Mpuguso walilikuta pori. Kiwanda alichokuwa akilinda Ambokile huko Dar es Salaam kilipopunguza watu, walirudi na kiinua mgongo ambacho ndugu walikifikiria kikubwa kuliko kilivyokuwa. Migomba ya marehemu baba yake ilikuwa imenyauka, udongo umeshuka bondeni na mvua, kahawa imezeeka ikaota ndevu za ukoga. Wakang'oa, wakachoma, wakajenga kingo za mawe kukinga maji, wakapanda majani kwenye kingo. Wakanunua ng'ombe wa kisasa kama watu wote, akafa kwa ndigana, homa ya kupe, kabla hawajamkamua mwezi.

Hapo ndipo Ambokile alipokata shauri. Shamba lile, alisema, lilisimama enzi za baba yake kwa ng'ombe wadogo wa mlimani, wanaokula kilichopo, wasioogopa kupe, wasiooza kwato kwenye matope. Hao ndio atakaowarudisha. Lakini kuwapata ilikuwa kazi, maana Mpuguso nzima ilikwisha kuhamia kwenye ng'ombe wa maziwa, wale wa mabaka meupe na meusi wanaokula pumba nyingi kuliko chakula cha wenye nyumba. Alipata jike mmoja mzee aliyekwisha kukoma kuzaa, pamoja na mtamba wake, binti wa mwisho. Dume alilipata Busokelo kwa babu mmoja ambaye watoto wake walikuwa wanauza zizi lake zima akiwa bado anapumua. Waliobaki walikwenda machinjioni. Kiinua mgongo kikaishia kwa Titu.

Watu walicheka. Hellen, jirani yao wa chini, mama mwenye ng'ombe watatu wa kisasa na ulimi usiolala, alikuwa akipita asubuhi na ndoo kichwani kuelekea kituo cha maziwa, akisimama ukingoni: "Mama Loyce, leo umekamua vikombe vingapi?"

"Nimekamua samadi."

"Haya bwana. Ng'ombe wa maskini hazai."

Walikuwa wakicheka pamoja, kwa sababu Hellen hakuwa mbaya. Lakini Esnath akishaingia ndani alikuwa anahesabu moyoni: mtamba bado mdogo, hajashika joto hata mara moja. Akishika, Titu yupo. Ndama akizaliwa, na mwingine, shamba litakuwa na ng'ombe wake, na Hellen atatafuta methali nyingine. Basi alikuwa akimtazama yule mtamba kila asubuhi kama mtu anavyotazama sufuria iliyokawia kuchemka.

Ubaya wote ulianzia kwenye kicheko. Titu alipoletwa tu, Mzee Alinanuswe alikuja na fimbo yake kumwona, na wazee wenzake nyuma. Kwa desturi ya Wanyakyusa mkwe hakabiliani na baba mkwe uso kwa uso, na baba mkubwa wa mume ni baba mkwe vilevile. Wasichana wa siku hizi wanaipuuza, wanawasalimia wakwe zao kwa mkono. Esnath alilelewa na bibi yake, akaishika. Alipowaona wazee wanashuka alijitupa nyuma ya migomba, akachuchumaa, khanga usoni, mgongo kwao. Hakuona kitu, ila alisikia kila neno.

"Hii ndiyo ng'ombe," mzee alisema, akimpigapiga Titu ubavuni. "Zile za kwenu za maziwa ni matangi yenye miguu. Hii ni ng'ombe ya baba yangu. Ambokile."

"Naam, tata." Ndivyo Wanyakyusa wanavyomwita baba.

"Siku nikiondoka, hii ndiyo itanisindikiza."

Wazee wakacheka. Ambokile naye, aliyekuwa amechekwa tangu arudi kijijini na sasa anasifiwa, kichwa kikamjaa. Akacheka pamoja nao na kujibu, "Ni yako hiyo, tata."

Esnath aliuma khanga. Mke wa mtu mwingine, aliyesimama wazi, angekohoa, angeuliza kama wazee watakunywa chai, angeligeuza neno lile lisikae. Mkwe aliyechuchumaa nyuma ya mgomba hana kikohozi. Wazee walipoondoka alimwendea mumewe.

"Kwa nini umesema vile?"

"Ulitaka nimjibu nini mzee? Ulikuwa utani."

"Wazee hawatanii juu ya ng'ombe."

"Mama Loyce, mzee mwenyewe ana nguvu kuliko mimi."

Na kweli alikuwa nazo. Zikamwisha kwa wiki mbili za kifua, pale hospitali ya Makandana.

Nyumbani kwa marehemu palikuwa pameshajaa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi upande wa barabara, makoti yamelowa. Wanawake walikuwa jikoni na nyuma ya nyumba, wanamenya ndizi kwa vikundi, maganda yanarundikana. Esnath alichukua kisu akakaa nao. Kutoka pale kulikuwa na ukuta wa matete tu kati yake na wanaume, na ukuta wa matete hauzuii maneno.

Benson, mtoto wa kwanza wa marehemu, alifika na gari kutoka Mbeya mjini anakouza vifaa vya ujenzi. Alileta viti vya plastiki, turubai, spika, na mpishi wake mwenye kofia. Alipewa pole, akalia kidogo, akafuta macho, akasimama mbele ya wazee.

"Wazee wangu, mimi nimejipanga. Msihangaike na mambo ya kuchinja. Nyama nimeagiza mjini, imekaguliwa, inakuja imekatwa tayari. Mpishi anajua kazi yake."

Aliyejibu ni Mzee Ambwene, msemaji wa ukoo, mtu mkavu anayeongea akitazama ncha ya fimbo yake.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Umefanya vizuri. Lakini baba yako si harusi."

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza. Benson alikaa kwenye kiti chake cha plastiki.

"Alinanuswe alisema mwenyewe ng'ombe anayemtaka," Mzee Ambwene aliendelea. "Tulikuwepo. Na mwenye ng'ombe alikubali. Ambokile, nasema uongo?"

"Husemi uongo, tata."

"Na baba yako wewe alipofariki, ukiwa huko Dar es Salaam, nani alitoa dume?"

"Ni baba mkubwa."

"Basi," alisema Mzee Ambwene, na ncha ya fimbo ikachora mstari mfupi kwenye udongo.

Kisu cha Esnath kilisimama katikati ya ndizi. Hilo la dume la marehemu baba mkwe lilikuwa kweli tupu. Ambokile alikuwa amekwama Dar bila nauli, na Mzee Alinanuswe alichinja dume lake ili mdogo wake asizikwe kimya. Hakulitaja tena maisha yake yote. Ndiyo maana lilikuwa zito.

Esnath hakubisha kwamba deni ni deni. Alichobisha moyoni ni kwamba lilipwe kwa mnyama yule yule mmoja. Akaweka kisu chini, akamfuata Hellen kwenye rundo la kuni.

"Hellen, nisaidie. Lile dume lako la kisasa."

"Lile kubwa?"

"Tulitoe leo badala ya Titu. Tutakulipa. Kwa kidogokidogo, kwa samadi, kwa kulima kwako, utakavyotaka."

Hellen alimtazama. Mizaha yote ilikuwa imemtoka usoni. "Chukua," alisema. "Dume la ng'ombe wa maziwa lina kazi gani kwangu? Linakula tu. Chukua, tutaongea baadaye."

Esnath nusura ampigie magoti. Dume la Hellen lilikuwa kubwa mara moja na nusu ya Titu. Nyama ingetosha watu na ikabaki. Aliona njia, na kwa muda ule aliamini kuwa watu wakionyeshwa njia wataipita.

Lakini hakuweza kwenda mwenyewe mbele ya wakwe. Alimtafuta Shangazi Atuganile, dada wa marehemu, ambaye kwa umri wake na kwa kuwa binti wa ukoo aliweza kusema popote. Alimkuta ameketi kwenye mkeka, macho mekundu.

"Shangazi, nifikishie neno. Waambie hatukatai kutoa. Tunatoa dume, tena kubwa. Ila Titu ndiye mbegu, hakuna mwingine wa aina yake huku, na mtamba wetu hajapandwa. Watuachie mpaka mtamba ashike mimba. Dume la kwanza litakalozaliwa, naapa, tutalileta hapa hapa kwa kumkumbuka mzee."

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akainuka kwa shida. Esnath alirudi kwenye ukuta wa matete. Alimsikia shangazi akisalimia, akipewa kiti, akivuta pumzi.

"Mke wa Ambokile anamlilia ng'ombe wake," shangazi alisema.

Mnong'ono wa kicheko ulipita kwenye mabenchi. Esnath hakuwa ametuma hilo. Yote aliyoyapanga kwa uangalifu, mbegu, mtamba, ahadi, yalikuwa yamefika yakiwa kilio cha mwanamke mchoyo.

"Anasema kuna dume la jirani," shangazi aliongeza, kama mtu aliyekumbuka njiani. "Kubwa."

"La nani?" Mzee Ambwene aliuliza.

"La mama Hellen."

"La mabaka?"

"La mabaka."

"Limezaliwaje?"

Hellen mwenyewe aliitwa, akasimama pembeni mikono nyuma. "Kwa mrija, tata. Mtaalamu alikuja akampandisha mama yake."

"Basi baba yake nani?"

Hellen alitazama chini. "Sijui, tata. Mbegu ilitoka kwenye mtungi."

"Mnasikia," alisema Mzee Ambwene, bila ukali wowote, kama anayemweleza mtoto. "Alinanuswe alikuwa na baba, na baba yake alikuwa na baba. Anakwenda kwao. Tumsindikize na kitu kisichojua kilikotoka? Watamuuliza: na huyu ni wa nani? Atajibu, wa mtungi?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Wote waliokaa pale walikuwa na ng'ombe wa mrija nyumbani. Walikuwa wakiishi kwa maziwa yao, wakisomesha kwa maziwa yao, na Mzee Ambwene alikuwa na wanne. Kijiji kizima kilikuwa kimewaacha ng'ombe wenye baba kwa hiari yake, mmoja mmoja, na sasa kilipohitaji mmoja kilimtazama mtu kiliyekuwa kikimcheka. Ndivyo Titu alivyoponzwa na ubora wake.

Macho yote yalimgeukia Ambokile. Esnath aliweka jicho kwenye mwanya wa matete. Alimwona mumewe ameshika kofia kwa mikono miwili, anaizungusha ukingo. Angeweza kusema hapana. Na akishasema, nani atakuja kuchimba kaburi siku yake? Hata lile shamba walilolitolea jasho halikuwa na karatasi yenye jina lake. Lilikuwa la ukoo, na ukoo ulikuwa umekaa pale kwenye mabenchi.

"Nitamleta," alisema Ambokile.

Benson alimfuata hadi ukingo wa uwanja, akamshika bega. "Kaka, usijali. Msiba ukiisha tu, tunaongea mimi na wewe. Nitakutafutia mwingine."

"Wapi?"

"Si watakuwepo tu? Ng'ombe ni ng'ombe."

Esnath alibaki na mlango mmoja wa kugonga. Jenifer, afisa mifugo wa kata, binti wa Morogoro aliyepangiwa kazi Rungwe, alikuwa amekuja kutoa rambirambi, pikipiki yake ameiegesha chini ya mparachichi. Ndiye aliyewapongeza siku ya kwanza. Alimpiga Titu picha, akasema wanyama wa aina ile wanapotea na kwamba ataandika juu yao wilayani.

"Dada Jenifer, wewe ni serikali. Kawaambie. Wewe watakusikiliza."

Jenifer aliipapasa helmeti yake. "Mama Loyce, kwa chanjo watanisikiliza. Kwa msiba, mimi ni mgeni hapa. Nikiingilia mila zao leo, kesho hakuna atakayenifungulia zizi."

"Hata neno moja?"

"Nisamehe, mama."

Alikuwa anamaanisha. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hakwenda.

Ambokile alimleta Titu mwenyewe, kwa kamba. Mnyama alikuja bila kusumbua, maana alikuwa amezoea sauti yake, na kila Ambokile aliposimama naye alisimama, akimnusa mkono. Watu walisogea kumpisha. Wanaume walimshika nundu, wakatazama meno, wakasema maneno ya sifa ambayo Ambokile alikuwa ameyangoja tangu arudi kijijini. "Hii ndiyo yenyewe. Tazama mgongo. Nilikuwa sijaona hii tangu nikiwa mtoto." Mzee mmoja alifuta machozi kabisa.

Esnath alirudi kwenye ndizi. Alimenya haraka, moja baada ya nyingine, mpaka wenzake wakaacha kumwangalia. Alijua saa ilipofika kwa sababu wanaume walinyamaza wote kwa pamoja. Kisha wakaanza kuongea tena.

Nyama ilipikwa na ndizi, na watu walikula. Walisema ni tamu, ina harufu ya nyama ya zamani. Jenifer alipewa sahani, akala akiwa amesimama. Esnath naye aliletewa ya kwake, ya heshima, kipande cha nundu, na Shangazi Atuganile alikaa mbele yake kuhakikisha anakula, kwa sababu mtoa ng'ombe akikataa nyama ni kama amekataa msiba. Alikula. Mungu amsamehe tena, ilikuwa tamu kweli.

Wakati wa kuagana Mzee Ambwene alimkabidhi Ambokile ngozi ya Titu, imekunjwa, mbele ya watu wote. "Hukututia aibu," alisema. "Baba yako angefurahi." Ambokile aliipokea kwa mikono miwili, akainama.

Waliitandaza ngozi kwenye uzio wa zizi ili ikauke, ingawa huku mlimani jua la kukausha ngozi ni la kubahatisha. Ambokile alirudi kwenye kingo zake za mawe. Siku moja alimpigia Benson, simu ikaita mpaka ikakatika. Siku nyingine Benson akapokea, akasema yuko na wateja. Baada ya hapo hakupiga tena.

Kisha asubuhi moja Esnath aliamshwa na sauti aliyokuwa ameingoja mwaka mzima. Mtamba alikuwa analia. Hakuwa analia njaa. Ilikuwa sauti ndefu ya kuita, inapanda na kushuka, inavuka bonde. Alitoka na khanga moja, akamkuta anazunguka zizi, anampanda mama yake mgongoni, mkia umeinuka, uteute unamtoka. Alikuwa ameshika joto.

"Ambokile," aliita. "Njoo."

Ambokile alikuja, akaona, akakaa kwenye jiwe.

Walimpigia Jenifer. Alikuja mara moja, bila hata kunywa chai, mtungi wa mbegu umefungwa nyuma ya pikipiki. Alimzunguka mtamba, akampima kwa macho, akampapasa nyonga, akavua glavu.

"Nilichonacho ni mbegu za wa maziwa tu," alisema. "Ndama wake mkubwa. Huyu ni mdogo, nyonga yake ni nyembamba. Nikimpandisha hiyo, siku ya kuzaa atakufa, yeye na ndama."

"Na ya aina yake?" Esnath aliuliza. "Haipo hata mjini?"

"Hiyo hakuna anayeitunza, mama. Hakuna anayeiagiza."

"Busokelo?"

Ambokile ndiye aliyejibu, akitazama chini. "Nilipiga. Babu alifariki. Zizi limebomolewa, wamepanda maparachichi."

Jenifer alikaa nao kidogo, akaona hana la kufanya, akaondoka. Mtamba aliendelea kuita. Kutoka mabondeni kote, kulikojaa ng'ombe, hakuna aliyemjibu, kwa sababu madume huko hayafugwi, na lile la Hellen lilikuwa limekwisha kuuzwa. Hellen alipita na ndoo yake ya maziwa, akasimama ukingoni kama kawaida, akasikiliza. Alifungua mdomo. Wote watatu walijua methali gani ilikuwa imefika kwenye ulimi. Aliufunga, akasema, "Poleni, jamani," akashuka zake kituoni.

Adhuhuri mtamba aliacha kuzunguka. Aliiona ngozi pale kwenye uzio, au aliinusa, maana upepo ulikuwa umegeuka. Alisogea, akanyoosha shingo, akaweka pua kwenye manyoya meusi. Alivuta harufu kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akaipa mgongo, akasimama kimya kabisa, miguu ameitanua, kama anavyosimama jike aliyekubali kupandwa.

Esnath alishindwa kutazama. Alikwenda akaivuta ngozi kutoka kwenye uzio, nzito, bado haijakauka, akaikumbatia kifuani na kuibeba hadi ndani ya nyumba. Mtamba aliruka uzio uliokuwa umelegea, akamfuata hadi kizingitini. Ambokile hakuinuka kwenye jiwe lake. Esnath akausukuma mlango kwa bega, akaukomea, akakaa chini na ngozi mapajani, na nje mtamba akaanza kuita upya.